Ndege ya Vita Iliyobeba Spea

Nyie mliokua Mpanda siku ambazo umeme ulikuja kama mgeni na kuondoka bila kuaga, mnaojua ladha ya vumbi jekundu kwenye yai la kuchemsha, hii nawaandikia nyie. Vijana wa leo wakitaka kusoma wasome, ila wasianze kuniuliza kwa nini hatukutafuta video ya maelekezo mtandaoni.

Wakati ule kitu cha kuchezea hakikununuliwa. Kandambili ya baba ikianza kulegea mkanda, watoto tulikuwa tumeshagawana soli yake: huyu gurudumu la mbele, yule la nyuma, na mwenye kandambili bado anaivaa. Wavulana walikunja waya wakapata malori yenye usukani mrefu, wakayaendesha kwa miguu hadi stesheni na kurudi, mdomo ndiyo injini. Wasichana tulicheza rede na mdako, na jioni wote tukaungana kwenye kombolela, mpaka mama wa mtu aite kwa sauti ile ambayo hungoji uisikie mara ya pili. Chakula kilikuwa ugali na migebuka, samaki wa ziwani waliokaushwa. Ukiwa na bahati ulipata asali ya porini, iliyokuja kwenye chupa ya soda ikiwa na miguu ya nyuki ndani kama uthibitisho.

Mama alikuwa na meza ya dagaa na migebuka sokoni, na mimi, Kabula, nilikuwa mhesabuji wake. Yeye alihesabu samaki, mimi nikahesabu tena, mteja naye akahesabu za kwake, halafu ndiyo tukaanza kubishana bei. "Ukihesabu mara moja, umetazama tu," Mama alikuwa akiniambia. Mpaka leo siwezi kupokea hata chenji ya bodaboda bila kusimama barabarani na kuirudia. Watoto wangu wanaona aibu. Waone tu.

Shida ilikuwa kwa Baba. Yeye na kaka yake walikuja huku wakiswaga ng'ombe kutoka Usukumani. Baba mkubwa aliendelea na ng'ombe, huko mbele ya Kakese. Baba yeye aliupenda mji, na ng'ombe wake wakaisha mmoja mmoja hadi akabaki na fimbo. Wakati ninaousimulia alikuwa kibarua kwenye mradi wa kuchimba visima, kazi ya kubeba mabomba na kuvuta kamba. Kibarua maana yake asubuhi unaondoka nyumbani hujui kama jioni bado wewe ni mtu wa pale. Mradi ulikuwa unahamia vijiji vya ziwani, na Injinia, mkuu wao, angechagua watu wachache wa kuajiriwa moja kwa moja. Waliobaki wangeambiwa asante.

Baba mkubwa alikuwa ameshatuma ujumbe: kibanda kipo, ng'ombe wapo, leta watoto. Kaka yangu Masanja angechunga. Mimi ningeacha shule nikiwa darasa la tano, kwa sababu huko shule iliyoitwa ya karibu ilikuwa safari. Sikumwambia mtu kwamba naogopa. Nilikuwa nakwenda bombani na ndoo yangu, nasimama kwenye foleni, najaribu kujiona mimi ni mtu wa kukamua ng'ombe, na picha inakataa kukaa.

Siku moja Baba akarudi na boksi kwapani. Kifuniko chake kilikuwa na picha ya ndege ya vita, ya ile vita kuu ya zamani, ya kijivu na kijani, inatema moto puani, na nyuma yake mawingu yamechafuka. Injinia alisomea Ulaya, upande wa baridi kali, na boksi lile alilinunua huko kwa ajili ya mwanawe. Mtoto akakua likiwa bado stoo. Basi akamwambia Baba: "Bwana Lushinge, wape wanao waiunganishe. Nikirudi kutoka Tabora, Jumapili nitapita nyumbani kwako niione."

Maneno yote ni hayo. Mtu wa kawaida angesema asante, akalala.

"Kwa nini wewe?" Mama aliuliza. "Vibarua wote wale, kwa nini wewe?"

"Sijui, Mama Masanja."

"Na kwa nini apite kuiona? Mtu akikupa kuku, anarudi kumwangalia?"

Baba akakaa kwenye kigoda, boksi magotini. "Anatupima," akasema mwishowe. "Anataka kuona kama nyumba hii inaweza kufuata maelekezo."

"Si ndiyo nakwambia," Mama akasema. Kwake yeye kitu cha bure kilikuwa kitu ambacho bei yake bado hujatajiwa.

Na Injinia hakuwa mtu wa kuchezewa. Alishamfukuza fundi mmoja ambaye, baada ya kufunga pampu ya kisima, alibaki na nati mbili mkononi. "Hizi zilikuja kutembea?" alimwuliza. Kesho yake yule fundi alikuwa kwake anafuga kuku. Baba alitusimulia kisa hicho mara nyingi kuliko tulivyohitaji, na kila mara alipofika kwenye zile nati alikunja kiganja kana kwamba ni yeye aliyezishika.

Ndani ya boksi hapakuwa na ndege. Palikuwa na fremu za plastiki ya kijivu, kama dirisha la nondo, na kwenye kila nondo vipande vimening'inia: mabawa, mkia, magurudumu madogo kama vifungo vya shati, na vingine vidogo kiasi kwamba ukipumua vibaya vinahama. Karatasi ya maelekezo ilikuwa na michoro, namba, mishale, na maandishi ya herufi zenye kofia. Mwalimu wetu wa Kiingereza aliishika karatasi ile, akaigeuza juu chini, akasema hiyo si ya kwake.

Nilihesabu vipande, nikahesabu tena. Sabini na moja mara zote mbili. Tukavikata kwa wembe, tukavimwaga kwenye ungo wa Mama, na tangu hapo ikawa marufuku mtu kupiga chafya karibu na ungo ule. Kazi ya macho tuliifanya mchana tu, mlangoni penye mwanga. Baba akirudi kazini hakuuliza kama tumekula. Aliuliza, "Vipo vyote?"

Siku ya pili nikapata sabini. Nikarudia: sabini. Nyumba nzima ikasimama. Kuku mwekundu alikuwa amepita karibu na ungo, na macho yote yakamgeukia. Huyo kuku alikuwa ametengwa kwa kitoweo cha Injinia, kwa hiyo kilichobaki kuamuliwa ni achinjwe sasa au achinjwe Jumapili. Mama alikuwa ameshambana mabawa. Ndipo Masanja akainua mkono kujikuna shingo, na gurudumu la mkia likaonekana limemnata kwenye kiwiko. Kuku akaachiwa. Baba akatoka nje, akazunguka nyumba, akarudi akakaa palepale. Jasho lilikuwa linamtoka ingawa ulikuwa msimu wa baridi.

Halafu kukawa na gundi. Ile iliyokuja na boksi ilikuwa imekaukia ndani ya tyubu kwa miaka yote ya stoo. Nikatumwa kwa Mzee Bonifasi. Wazazi wake walitoka Burundi wakalima, yeye akakimbia jembe akakaa kona ya soko, anaziba ndoo na mabeseni yaliyopasuka. Mnaikumbuka kazi ile: spoku ya baiskeli imelala kwenye makaa, unayeyusha kipande hapa unapaka pale, moshi unakuchoma macho, na beseni linarudi nyumbani na kovu. Alipoiona ndege kwenye kifuniko, na fremu tupu niliyombebea ya kujaribia, alifurahi. Namshukuru kwamba alijaribu spoku yake kwenye kona ya fremu kwanza, maana plastiki ilijikunja papo hapo kama jongoo aliyeguswa.

"Hii ni laini, mwanangu," akasema. "Haijazoea shida."

Akavuta kopo kutoka chini ya benchi. Ndani alikuwa ameyeyusha kwa petroli lile povu jeupe gumu linalokuja limeizunguka redio mpya, likawa uji mzito unaonata. Kwa uji huo alikuwa akiziba mabati yanayovuja. Nikaanza kupatana naye. Nikamwambia uji wake unanuka. Akaniambia ndege yangu nayo haijaruka. Nikasema nusu kopo kwa mgebuka mmoja, yeye akasema wanne, nikajifanya naondoka, akajifanya hajaniona. Tulimalizana kwa wawili, na aliyechagua wadogo ni mimi.

Uji ulishika. Tuliupaka kwa ncha ya mwiba, kidogo kidogo, na kila kipande kilihitaji mtu wa kukibana mpaka kikauke. Jioni mtu huyo alikuwa Baba. Nilimwona mwanamume aliyebeba mabomba ya chuma mchana kutwa akishika bawa la plastiki kwa vidole viwili, pumzi ameibana. Ugali wa wiki ile ulinuka petroli. Hakuna aliyelalamika. Kila treni ilipopiga honi kutokea upande wa Kaliua mikono yetu ilisimama, kwa sababu Injinia angeshuka na mojawapo, na hatukujua ipi.

Jumamosi mchana ndege ikakamilika. Ilikuwa nzuri, jamani. Ilikaa juu ya meza pua imeinua, rubani ndani ya kioo, kama inayotafuta ugomvi. Masanja akapiga mluzi. Baba akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu boksi liingie ndani.

Mimi nikatazama kwenye ungo. Vilikuwa vimebaki vipande kumi na kimoja.

Nikavihesabu tena huku natamani nimekosea. Pangaboi la pili. Magurudumu mawili. Mabomu. Kioo kingine cha rubani. Mtu wa plastiki aliyesimama ameinua mkono. Na vidubwasha vingine ambavyo hata jina hatukuwa nalo.

Leo najua, na mtoto yeyote mwenye simu anajua, kwamba maboksi yale huja na vipande vya kuchagua. Ukitaka ndege iwe angani unaweka hivi, ukitaka iwe imetua unaweka vile, vinavyobaki unatupa. Lakini niambieni nyie, ni nani Mpanda wakati ule aliyewahi kuletewa kitu kikaja na vya ziada? Sisi tulizoea vinavyopungua.

Tabasamu la Baba likaondoka taratibu. Aliutazama ungo kwa muda mrefu, na nilijua anaziona zile nati mbili.

"Tuvitupe chooni," Masanja akanong'ona.

"Na kama alihesabu?" Baba akauliza.

Katika nyumba yetu hakukuwa na mtu aliyeweza kumfikiria binadamu ambaye hakuhesabu.

Tuliifuata karatasi upya, mchoro kwa mchoro, na kila kitu kilikuwa mahali pake. Mama akasema labda tuibomoe tuanze tena. Baba akasema ikivunjika je. Mama akaanza kuosha sufuria ambazo zilikuwa safi. Kesho ilikuwa Jumapili, na mbele ya Jumapili nilikuwa naona ng'ombe tu.

Aliyetuokoa ni Masanja, ambaye darasani hakuwahi kumwokoa mtu. Yeye alichokijua duniani ni malori. Alikuwa akishinda pale yanapopakia mizigo ya kwenda ziwani, na nyie mnayakumbuka: gurudumu la akiba juu, lingine chini ya tumbo, springi zimefungwa kwa kamba za mpira, na utingo amening'inia nyuma anapiga bodi kwa kiganja. Lori lililoondoka bila spea lililala porini mpaka watu wakalisahau.

"Ndege si gari tu?" Masanja akasema. "Hizi ni spea zake."

Tukatazamana. Mama akaacha sufuria.

Basi tukazibandika. Magurudumu ya pili tukayalaza mgongoni mwa ndege, nyuma ya rubani. Pangaboi la pili likaenda chini ya tumbo, Baba akaliongezea uzi wa kushonea ili lisicheze njiani. Kioo tukakibandika karibu na mkia. Mabomu na vile vidubwasha tukavipanga palipopatikana nafasi. Yule mtu aliyeinua mkono tukamsimamisha juu ya bawa. Nilipohesabu mara ya mwisho ungo ulikuwa mtupu, na nilipohesabu tena ulikuwa bado mtupu.

Injinia alifika Jumapili baada ya kanisa. Mrefu, miwani, shati limenyooka. Mama akamkaribisha kiti chenye mto, naye akakataa kula kabla hajaiona ndege. Baba akaileta kwa mikono miwili. Injinia akaipokea, akaigeuza, akaigeuza tena. Nikamsikia jirani akipepeta mchele.

"Nani aliyeunganisha?"

Masanja akafungua mdomo. Baba akamtangulia. "Mimi, mzee. Watoto walinisaidia kushika."

Injinia akaweka kidole kwenye bawa. "Huyu anafanya nini hapa?"

"Utingo, mzee."

"Ndege ya vita ina utingo."

"Ikikwama," Baba akasema, na sauti yake ilikuwa ndogo, "rubani atasukuma na nani?"

"Na hili la tumboni?"

"La akiba."

"Na magurudumu ya mgongoni?"

"Ya akiba pia. Yakipasuka huko njiani hakuna duka, mzee."

Injinia akavua miwani, akaifuta kwa pindo la shati, akaivaa. "Bwana Lushinge, hivi vilikuwa vya kuchagua. Ulitakiwa uvitupe."

Baba akaitazama ndege mkononi mwake. "Mzee, mali ya mtu siwezi kuitupa kabla sijamwuliza mwenyewe."

Yule bwana hakucheka. Alikula wali na paja la yule kuku mwekundu, akasema chumvi imekaa vizuri, akaomba boksi. Ndege haikuingia, imenenepa. Baba alikuwa ameshasema ni mali ya mtu, basi mwenyewe akaibeba mkononi hadi kwenye gari. Kazi hakuitaja hata kwa bahati mbaya.

Wiki iliyofuata sipendi kuikumbuka. Mama alianza kufunga vyombo, akavifungua, akavifunga tena. Baba alikwenda kazini asubuhi na kurudi bila habari, na sisi tuliusoma mwendo wake tangu kona ya barabara. Shuleni niliulizwa saba mara nane nikajibu sabini na moja.

Siku majina yaliposomwa, la Baba lilikuwa la mwisho. Hakuandikwa dereva wala fundi. Aliandikwa mtunza spea wa lori la mradi, njia ya Kapalamsenga, kule ziwani. Tulipiga kelele mpaka Mzee Bonifasi akaja kuuliza nani amefariki. Mama alifungua vyombo kwa mara ya mwisho. Mimi nikabaki Mpanda, darasa la tano, kwenye dawati langu lenye msumari unaotoboa sketi, na nililipenda kupita kiasi.

Kitu kimoja hatukuuliza, sisi watu wa kuuliza kila kitu: mtunza spea analala wapi? Analala kwenye spea. Lori likienda ziwani, Baba anakwenda. Likikwama kwenye tope, Baba amekwama. Mvua zikianza, njia ikikatika, hatukujua yuko wapi, na hapakuwa na wa kumpigia. Niliendelea na shule ambayo Baba aliilipia kwa kutokuwepo nyumbani. Mama alijifunza milio ya malori. Akiwa anakoroga ugali alisimamisha mwiko, akasikiliza, akasema, "Si lenyewe," akaendelea. Sisi tukasimama naye na kuendelea naye. Halafu siku moja mwiko unasimama na hauendelei. Breki zinalia mlangoni, Baba anashuka ananuka dizeli na samaki wabichi, na hofu yote ya wiki tatu inaisha hapohapo, kana kwamba mtu amezima redio. Mama anacheka kwa sauti ya msichana. Sijawahi kusikia kicheko kama kile tena, kwake wala kwa mtu mwingine.

Mradi uliisha zamani. Mama ametangulia. Baba ni mzee, anaishi kwangu, na mwanangu Emanueli anasoma Tabora. Akisafiri ananitumia lokesheni, kidoti cha bluu kinachotembea kwenye kioo cha simu. Kidoti kikisimama Kaliua zaidi ya ninavyopenda, nampigia. "Bi mkubwa, una presha," ananiambia. "Si unaniona?" Kweli namwona. Kizazi hiki hakipotei hata kikitaka. Nampigia tena, hapokei, kwa sababu ana vitu viwili masikioni na anamsikiliza kila mtu isipokuwa mimi. Nikiufikiria usingizi wake wa kwenye treni namwonea wivu: hajawahi kubana bawa kwa vidole viwili akingoja likauke, hajui hata kungoja kunafananaje.

Baba hataki kuoneshwa kidoti. Ananiuliza tu, "Treni imeondoka?" Nikimwambia imeondoka, anarudi kwenye chai yake. Mimi nabaki na simu mkononi, naizima, naiwasha. Najua alipo mwanangu kuliko Mama alivyowahi kujua alipo Baba, kila kituo, kila saa. Akifika nyumbani ninakuwa nimeshamwona akishuka, nimeshamwona akipanda bajaji, nimeshamwona akikata kona ya kwetu. Anapobisha hodi nasema "ingia" bila hata kuinuka.